Mkorosho wa Shimo la Saba

Hapana. Mama Isabela hakufa.

Nimeona niliseme hilo kwanza, maana juma hili nimepokea barua kumi na moja, na moja yao, iliyotoka kwa bwana mmoja wa Lisekese, imenitukana mimi pamoja na mhariri wangu kwa kumwua mwanamke wa watu na kipira cha gofu. Bwana huyo ajifunze kusoma polepole. Tuliishia pale Meja Tomlin alipoupiga mpira kwenye shimo la saba, mpira ukapaa, ukagonga mkorosho, ukapotea machoni, na chini ya mti ikasikika sauti ya mwanamke akipiga ukelele. Sikusema amekufa. Nilisema amepiga ukelele.

Alipiga ukelele kwa ajili ya mtungi wake.

Wewe unayelisoma gazeti hili mahali penye bomba huwezi kujua uchungu wake. Newala iko juu na maji yako bondeni. Mama Isabela alikuwa ameondoka kwake mapema, akateremka genge kwa njia ya miguu, akangoja zamu yake kisimani, akapanda tena na mtungi umejaa hadi shingoni. Alipofika chini ya mkorosho wake akautua, akaketi apumue. Ndipo mpira wa Meja ukaja. Mtungi ulipasuka vipande vitatu, na mchanga ukayanywa maji karibu yote kabla mwenyewe hajainuka.

Wa kwanza kufika alikuwa Vitalis, mbeba fimbo wa Meja. Alikuja mbio, begi la fimbo likimpigapiga mgongoni, na alipoufikia ukingo wa kivuli cha mti akasimama, akageuka, akaupa mti kisogo.

Kwa wanaojiunga nasi leo, Vitalis ni mchumba wa Isabela, na Mama Isabela ndiye mkwe wake. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi, wala hakaribiwi. Mwaka mmoja na miezi miwili kijana huyu amemlimia mama shamba, amemfyekea pori, amemjengea ghala, na hawajapeana hata salamu ya ana kwa ana. Akiwa na neno humpa Isabela alifikishe. Isabela asipokuwapo, neno huambiwa kitu chochote kilicho karibu, mbuzi au mlango, na mama husikia. Ndiyo adabu, na mpaka asubuhi ile haikuwa imemtia mtu yeyote taabuni.

Taabu ililetwa na hoteli. Hoteli inataka mkorosho ukatwe, na Mama Isabela amekwisha kutangaza kwamba siku mti wake utakapoanguka na uchumba umeanguka, kwa kuwa hawezi kumpa binti yake mtu anayewabebea fimbo waliomkatia mti. Vitalis angeacha kazi hata leo, lakini mkataba wake unaisha Desemba, na sheria ya Serikali inasema mtumishi anayeuvunja mkataba anafungwa. Basi tumaini lake lote limebaki kwa Meja Tomlin, aliyetumwa na kampuni yenye hoteli kuja kuucheza uwanja mzima na kuandika taarifa. Meja akiandika mti ukatwe, utakatwa. Akiandika ubaki, utabaki, na Vitalis ataoa.

Sasa tumtazame yule anayetaka ukatwe.

Kapteni Hoskins, mwendesha hoteli, ndiye ambaye Newala nzima humwita Bwana Bahari. Katika magazeti ya Kizungu ya Dar es Salaam na Nairobi ametangaza likizo ya baharini pasipo joto la baharini, na uwanja wa gofu wa mashimo tisa juu ya ufuko. Bahari yenyewe iko Mikindani, mwendo wa siku nzima kwa lori, kama lori halijaharibika.

Lakini majira haya ya baridi, asubuhi, ukungu huja ukalijaza bonde la Ruvuma tangu chini ya genge hadi ng'ambo kwa Wareno. Hulala mweupe, bapa, bila mwisho. Mgeni aliyefika jana giza limeingia, akaamshwa kabla ya jua na kuambiwa tazama bahari, hutazama akaiona bahari. Kwa hiyo Bwana Bahari huwaanzisha wageni wake saa kumi na mbili, huwamaliza saa mbili na nusu, kisha huwaingiza ndani kwenye chai na karata, mapazia yameshushwa eti jua la mwambao linaumiza macho. Wageni wanne wamekwisha kuondoka wakisifu hewa ya chumvi. Watu ni watu.

Mkosi wake Bwana Bahari ni njia ya maji. Wanawake wa vijiji vitatu hutoka bondeni kwa njia ile inayopita chini ya mkorosho, na hakuna awezaye kuifunga maadamu mwenye mti ana haki ya kuufikia mti wake. Mti ukiondoka, njia itazibwa kwa seng'enge, na hapatakuwa tena na mtu wa kutokea baharini akiwa na mtungi wa maji ya kunywa. Wanawake hao watayapata wapi maji? Hilo halikuandikwa kwenye matangazo.

Haya, turudi chini ya mti. Saa ilikuwa mbili kasorobo, na Meja alikuwa mchezaji wa polepole.

Alifika akihema, mtu mzima wa miaka sitini hivi, mwekundu wa shingo, mkewe akimfuata na mwavuli, na Bwana Bahari nyuma yao akiitazama saa yake. Meja alipoona vipande vya mtungi akavua kofia. Hilo nalitaja kwa sababu si wengi wanaovua. Akamwambia Vitalis amwulize mama kama ameumia.

Vitalis akakohoa. Akasema bila kugeuka, "Mkorosho, Meja anauliza kama kuna aliyeumia."

Mama Isabela naye akauelekea mti. "Mkorosho, mwambie hakuna aliyeumia ila mtungi. Na mpira ni wangu."

Meja akawatazama wote wawili, kisha akautazama mti, kisha akamtazama Bwana Bahari. Bwana Bahari akamweleza kwa sauti ya mtu aliyeijua Afrika siku nyingi kwamba hiyo ndiyo dini yao, watu hawa huabudu miti. Vitalis alilisikia hilo vizuri. Amebatizwa Masasi, amesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na Jumapili huimba besi katika kwaya ya Mtakatifu fulani ambaye hakumbuki alifanya nini. Lakini mkataba ni mkataba.

Kuhusu mpira, mama alikuwa na haki yake kamili. Korosho haipandiwi mtini kuchumwa. Hungojwa iive, idondoke, na kilichodondoka chini ya mti wa mtu ni cha mwenye mti, hata upepo ukiwa ndio uliokileta. Mtoto wa Mkunya au Kitangari hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kunawa. Mama Isabela alikuwa amekwisha kupalilia na kufagia chini ya mkorosho, maua yameanza, na tangu uwanja ufunguliwe kila mpira ulioanguka hapo alipopafagia ameuokota, akautia kapuni, akaufunika kwa kitambaa. Kapu lilikuwa limejaa. Wabeba fimbo, watu wazima wenye ndevu, hawakuthubutu kuugusa hata mmoja.

Bwana Bahari aliuita huo wizi. Meja, alipotafsiriwa habari yote ya korosho, alifikiri kidogo, akasema kwao, kwenye viwanja vya mwambao, mpira ulioangukia baharini ni wa bahari, na hajapata kusikia mtu akiishitaki bahari. Mpira aachiwe mama.

Vitalis akalitafsiri kwa mti kwa moyo mkunjufu. Bwana Bahari akaitazama tena saa yake, akakumbusha kwamba imebaki mashimo mawili na chai itapoa.

Meja hakwenda. Ndiyo taabu ya muungwana, akikuvunjia kitu hawezi kuondoka. Alisema mtungi atanunua mwingine, lakini maji anataka kuyarudisha leo leo, mtu atumwe. Akauliza mama ameyateka wapi.

Swali likapita kwa Vitalis, likapita kwa mti, likamfikia mama. Mama Isabela akainua kidevu, akaonyesha chini ya genge, kwenye weupe ule mkubwa uliolala hadi upeo wa macho.

"Mkorosho, mwambie kule."

Wasomaji wangu, wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa fupi kuliko uwanja wake wa gofu.

Meja alitazama kule. Kisha akainama taratibu, kwa maana goti lake moja lilikuwa bovu, akaokota kigae kilichobaki na maji kidogo ndani, akachovya kidole na kuonja. Akaonja tena. Akampa mkewe, naye akaonja.

"Haya maji hayana chumvi," akasema Bibi Meja.

Bwana Bahari alijibu haraka kwamba ufukoni kuna chemchemi, moja, ya ajabu, wataalamu wanakuja kuitazama. Meja akauliza mbona mawimbi hayasikiki. Akaambiwa bahari hii ni tulivu mno majira haya. Akauliza mbona tangu asubuhi hajaona chombo chochote. Akaambiwa ni Jumamosi.

Wakati huo huo vichwa vikaanza kutokea.

Kwanza kichwa kimoja chenye ndoo, halafu kingine chenye mtungi, halafu sita, saba, mabega yakifuata, kanga zikifuata, wanawake wakipanda kwa mstari mmoja kutoka ndani ya weupe, wakizungumza habari za harusi ya mtu wa Mkunya na jinsi wali ulivyokuwa haba. Walipomwona Meja wakatoa salamu zao, wakampita, wakaenda zao.

Bibi Meja aliwasindikiza kwa macho. "Kapteni," akasema, "hawa wametembea juu ya maji, au mimi sikulala vizuri?"

Hapo hapo jua likafanya kazi yake ya kila siku. Bahari ikatoboka katikati. Kwenye tundu likaonekana shamba la muhogo. Tundu likapanuka, ukaonekana moshi wa jiko la mtu, na mbuzi wawili wamefungwa, na mbali sana mto Ruvuma, mwembamba, ukijiendea kwake.

Watu wote wakamgeukia Bwana Bahari, hata wabeba fimbo. Namsifu kwa jambo moja, hakukimbia.

"Maji yamekupwa, Meja," akasema.

"Yamekupwa mpaka wapi?"

"Mpaka Mikindani."

Sijui wewe ungefanya nini ungekuwa Meja. Mimi ningempiga na fimbo, ile yenye kichwa cha chuma. Yeye aliketi kwenye mzizi wa mkorosho, akatoa kiko, akakijaza, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mkewe akamshikia kofia. Akasema amecheza gofu kando ya bahari tangu utotoni, na bahari haijapata kumfanyia lolote ila kumpigia upepo, kumwibia mipira na kumlowesha viatu. Hapa upepo upo, mpira umekwenda, na viatu vimelowa. Samaki hakumbuki kuwaona hata kule.

Kisha cheko likamwishia, akatoa daftari. Alisema habari ya bahari ataiandika kama ilivyo, na kampuni itajua la kufanya na Kapteni wake. Ila shimo la saba ndilo shimo la kweli pekee katika uwanja huu, na kinachofanya liwe shimo ni mti huu. Ukikatwa itabaki barabara tu. Akaandika, huku akitamka maneno polepole, kwamba mkorosho ubaki na njia ya maji ibaki.

Vitalis alimpenda mzee yule kwa dakika nzima. Akalisafisha koo, akauambia mti habari yake, "Mkorosho, umepona," na nyuma yake akasikia Mama Isabela akishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyebeba mzigo tangu masika. Vitalis akaanza kuwaza nguo ya harusi.

Ningependa kukomea hapo. Lakini Bwana Bahari alikwisha tia mkono ndani ya koti.

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisema anasikitika sana, Meja ana haki ya kuupenda mti, ila mti una mwenyewe, na mwenyewe alikwisha kukubali zamani. Karatasi ilisema kwa Kiingereza kizuri kwamba mimi Yuliana, ndilo jina la ubatizo la Mama Isabela, mwenye mkorosho ulio karibu na shimo la saba, nimeridhia kwa hiari yangu ukatwe na njia ifungwe. Chini yake, mahali pa jina, palikuwa na alama ya dole gumba, kwa wino wa zambarau.

Meja akaisoma mara mbili. Kicheko kilikuwa kimekauka usoni. Mwingereza atabishana na mvua, atabishana na askofu, lakini ukimwekea karatasi yenye alama chini yake anavua kofia. Akalifungua tena daftari, akaweka kalamu juu ya mstari aliotoka kuuandika.

"Msomee," akamwambia Vitalis. "Aseme kama alama ni yake. Ikiwa ni yake, sina la kufanya."

Vitalis akaipokea, akaisoma kwa Kiswahili, sentensi moja moja, kisogo chake kikiwa kwa mama. Alipofika chini, kwenye wino, akaisogeza karatasi karibu na macho.

Dole lile lilikuwa na mstari mweupe, umelikata mshazari toka ukingo mpaka ukingo.

Siku alipoajiriwa, Vitalis alikuwa ametaka kutia sahihi yake. Bwana Bahari alimcheka, akasema Mwafrika hana sahihi, Mwafrika ana dole. Akawapigisha dole wabeba fimbo wote, mara mbili kila mmoja, mara ya kwanza kwenye mkataba, mara ya pili kwenye karatasi tupu, ambayo karani alisema ni ya akiba. Akiba ya nini, hakuna aliyeuliza. Na mstari mweupe ule ni kovu la panga. Alijikata mwaka jana, akifyeka pori la Mama Isabela, na mama, asiyeweza kumgusa wala kumpa pole, alimtuma Isabela na majani ya dawa asubuhi na jioni kwa siku tisa.

Bwana Bahari alimsogelea kama anayetaka kumsaidia kusoma. Akamnong'oneza kwa kile Kiswahili chake cha jikoni. "Wewe sema yake. Kama sema hapana, mimi sema wewe leta hii karatasi, wewe uza mti. Dole yako. Nani amini wewe?"

Nyuma, Mama Isabela alikuwa amekwisha kuanza kuuambia mti maneno yake, bila haraka.

"Mkorosho, mwambie Mzungu mimi nimesoma kwa masista Masasi miaka minne. Watoto wangu wote nimewaandikisha kwa mkono wangu, kwa kalamu. Sijatia dole kwenye karatasi ya mtu tangu nizaliwe."

"Anasemaje?" akauliza Meja.

Hapo kijana akasimama kati ya maneno mawili. Akisema ni yake, mti unakwenda, Isabela anakwenda, na vijiji vitatu vinakosa njia ya maji. Akisema si yake, dole litatafutwa. Sioni haya kusema kwamba aliogopa.

Akatafsiri. Akatafsiri yote, masista, kalamu, watoto, neno kwa neno, toka mwanzo mpaka mwisho.

Meja akaifunga kalamu. Akaitwaa karatasi, akaiinua kwenye jua, akaitazama ile alama kwa muda. Aliona kovu, mtu yeyote angeliona. Akauliza, bila kumwangalia mtu, kwamba kama dole hili si la mwenye mti, basi ni la nani.

Bwana Bahari alimkazia Vitalis macho. Alikuwa anangoja.

Mkono wa kulia wa Vitalis, wenyewe, bila kutumwa, ukaingia mfukoni mwa kaptura.

Meja hakuuona. Bibi Meja hakuuona. Mama Isabela akainuka pale alipoketi, akajikung'uta mchanga, akauzunguka mkorosho mpaka akaja kusimama mbele ya mkwewe, karibu, uso kwa uso, mbele za watu. Wabeba fimbo waligeuza macho yao pembeni kwa haya. Vitalis aliinamisha kichwa, lakini mama hakuondoka, wala hakuutazama mti.

"Vitalis," akasema. "Toa mkono mfukoni."